Miraba ile ile, sura sita: namna ya kupanga mfarishi wa vitambaa vya mabaki

Chini ya meza ya kila fundi cherehani kuna kiroba cha mabaki: vipande vya vitenge, ncha za kanga, khaki za sare za shule. Kiroba hicho kikijaa huenda jalalani au hujaziwa mito. Mfarishi mzima, yaani tandiko la viraka vilivyoungwa, unaweza kutoka humo, na kwa anayejua kukanyaga cherehani, kushona si sehemu ngumu. Kazi iko kwenye kupanga. Watu wawili wanaweza kushona miraba inayofanana kabisa, mmoja akatoka na mfarishi unaomsimamisha mgeni mlangoni, mwingine akatoka na fujo ya rangi. Tofauti yao ni mahali walipoweka rangi nzito na rangi nyepesi, na upande waliougeuzia kila mraba.

Mwongozo huu unatumia mraba wa aina moja tu, ule ambao Marekani huitwa kibanda cha magogo. Ulienea sana huko kuanzia miaka ya 1860. Una kiini kidogo katikati, na tepe zinazokizunguka kama magogo ya ukuta. Kwa desturi kiini huwa chekundu, na husemekana ndio moto wa jikoni. Nimeuchagua kwa sababu moja: pande mbili za mraba hushonwa kwa rangi nyepesi, pande mbili kwa rangi nzito, hivyo mraba unagawanyika kimshazari kuwa nusu mchana, nusu usiku. Mraba wa namna hiyo ukiugeuza, picha nzima inabadilika.

Hatua ya kwanza: tenganisha nzito na nyepesi

Usiharakishe hapa. Ukikosea kutenganisha, hakuna mpangilio utakaokuokoa baadaye.

Mwaga kiroba sakafuni. Toa kwanza visivyo vya pamba: satini, lesi, vitambaa vya gauni la harusi. Pasi inayonyoosha kitenge vizuri huikunja satini ikawa kama ngozi ya zabibu kavu, na huwezi kubadili moto wa pasi kila utepe. Kisha lowesha kitambaa cheupe, sugua nacho kila kipande chekundu au cha bluu iliyokolea. Kikiacha rangi, kifue peke yake mpaka maji yatoke safi, ama kiache kabisa.

Sasa rangi. Shida ya vitenge ni kwamba kimoja kinaweza kuwa na nyeusi, njano, zambarau na nyeupe kwa pamoja, na ua lake moja ni kubwa kuliko sahani. Kwa hiyo usiulize kitambaa hiki ni cha rangi gani. Uliza kikiwekwa jirani na kingine, kipi kinakuwa kivuli. Tandaza vipande vyote, simama hatua chache nyuma, fumba macho nusu. Maua yatapotea, utabaki unaona weusi na weupe tu. Wenye simu wana njia rahisi zaidi: piga picha ya lundo lote kisha iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Hapo utashangaa. Njano iliyokuwa inapiga kelele inageuka kuwa nyeupe kabisa, na nyekundu uliyodhani inang'aa inalala karibu na bluu.

Kumbuka pia kwamba unachohukumu si kitenge kizima, ni utepe wa inchi moja utakaoonekana. Kitenge chenye ua kubwa la njano juu ya nili kitatoa tepe za aina mbili, kila moja iende kwenye lundo lake.

Utapata malundo matatu: nzito, nyepesi, na ndumilakuwili. Hao wa tatu, yaani kijani cha majani mapya, haradali, kahawia ya chai ya maziwa, usiwatupe. Amua mara moja kila mmoja atakaa upande gani, na asihame tena. Kitambaa kinachokuwa mchana kwenye mraba huu na usiku kwenye mraba ule ndicho kinachoua mistari ya mfarishi.

Nyepesi huwa haba kuliko nzito, maana mafundi wengi hushona vitambaa vilivyokolea. Geuza vitambaa. Vile vilivyochapwa upande mmoja tu huwa na mgongo uliopauka, nao ni nyepesi nzuri sana isiyo na gharama. Mashati meupe yaliyochakaa kola, shuka la zamani, mfuko wa unga uliofuliwa, vyote vinafaa. Kuhusu kanga: ukikata sehemu ya jina, utapata tepe zenye herufi zilizokatika katikati. Wengine hawapendi. Mimi huziweka makusudi.

Hatua ya pili: kata tepe

Piga pasi kabla ya kukata, kila kipande. Mabaki ya fundi huja yamepinda kwa sababu yametoka kwenye makwapa na shingo, kwa hiyo tafuta kwanza uzi wa kitambaa umeelekea wapi, ndipo uweke rula. Utepe uliokatwa hanamu huvutika ukishona, na mraba wake haulali chini.

Kata kiini inchi 2 kwa 2, ikiwezekana chekundu kwa miraba yote. Kata tepe zote upana wa inchi moja na nusu, urefu wowote ulioupata. Mraba mmoja unahitaji tepe 12, kwa urefu huu ukifuata mpangilio wa kushona:

- Mzunguko wa kwanza: nyepesi 2, nyepesi 3, nzito 3, nzito 4.
- Mzunguko wa pili: nyepesi 4, nyepesi 5, nzito 5, nzito 6.
- Mzunguko wa tatu: nyepesi 6, nyepesi 7, nzito 7, nzito 8.

Vyote ni kwa inchi. Utaona kipande kirefu kuliko vyote ni cha inchi 8, na kifupi cha inchi 2, ndiyo maana karibu hakuna baki lisilofaa. Jumla kila mraba unakula inchi 27 za utepe mwepesi na inchi 36 za utepe mzito. Nzito inazidi kwa kuwa inashonwa mwisho, upande wa nje. Ikiwa kwako nyepesi ndizo nyingi, geuza utaratibu, anza na nzito. Ila ukianza hivyo, miraba yote iwe hivyo.

Idadi: mraba uliokamilika na kuunganishwa na wenzake huwa inchi 7 na nusu. Miraba 16, yaani minne kwa minne, inatoa inchi 30 kwa 30, mfarishi wa kumfunikia mtoto mchanga. Kwa kitanda cha futi nne kwa sita shona miraba 80, minane kwa kumi. Utapata inchi 60 kwa 75, godoro linafunikwa na pembeni panabaki pa kuning'inia.

Hatua ya tatu: shona mraba

Mshono wote ni robo inchi. Usiutegemee mguu wa cherehani, maana upana wake si sawa kwa kila cherehani. Pima robo inchi kutoka kwenye sindano, kisha bandika kipande cha plasta juu ya bamba ili kitambaa kitambae nacho. Huu si ushamba. Kwenye mraba mmoja kuna mishono sita kutoka ukingo hadi ukingo, na ukizidisha moja ya kumi na sita ya inchi kwa kila mshono, mraba unapungua robo tatu ya inchi. Miraba yote ikipungua sawasawa hakuna tatizo, mfarishi unakuwa mdogo tu. Balaa ni huu kupungua na ule kutopungua.

Unga utepe wa kwanza kwenye kiini, fungua, piga pasi ukisukuma mshono uelekee nje. Zungusha robo, unga wa pili. Zunguka daima upande mmoja, wa saa ama kinyume chake, kwa miraba yote. Ukimaliza, kila mraba uwe inchi 8 kwa 8. Uliozidi upunguze. Uliopungua kidogo utauvuta wakati wa kuunganisha. Uliopungua sana ufanye mto.

Hatua ya nne: jaribu sura zote sita

Sasa hivi kaa mbali na cherehani. Tandika mkeka au shuka la rangi moja mahali ambapo watoto na kuku hawapiti, chukua miraba 16, uipange na kuipangua. Kama sakafu ni ndogo, tundika ukutani blanketi la manyoya. Pamba hung'ang'ania manyoya, na miraba itakaa bila pini.

Kwenye michoro, pembe nyeusi ndiyo nusu nzito ya mraba.

*Matanga.* Miraba yote inaelekea upande mmoja, kama matanga ya mashua.

◢◢◢◢
◢◢◢◢
◢◢◢◢
◢◢◢◢

Hii ni rahisi kuliko zote, na inachosha upesi macho. Nzuri kwa mfarishi mdogo.

*Matuta.* Mistari ya mshazari inayokatiza mfarishi wote, kama shamba lililolimwa.

◢◤◢◤
◤◢◤◢
◢◤◢◤
◤◢◤◢

Kanuni yake ni nyepesi kukumbuka: ukingo mzito ukutane na ukingo mzito, mwepesi na mwepesi, juu, chini na pembeni. Matuta yanasamehe. Miraba ambayo nzito yake na nyepesi yake hazitofautiani sana hubebwa na mstari, jicho linaijazia lenyewe. Pia haina masharti ya idadi: mitano kwa saba sawa, sita kwa tisa sawa. Kama huu ni mfarishi wako wa kwanza, ningekushauri ubaki hapa.

*Radi.* Mstari unapanda na kuvunjika, unapanda na kuvunjika.

◢◤◢◤
◥◣◥◣
◢◤◢◤
◥◣◥◣

Safu ya kwanza ni ile ile ya matuta, ya pili ni kivuli chake kwenye kioo. Radi inataka nzito zako ziwe nzito kweli. Kwa rangi zilizopauka inaonekana kama makosa ya kuunga.

*Jua na kivuli.* Almasi nzito na almasi nyepesi, zikipishana.

◢◣◢◣
◥◤◥◤
◢◣◢◣
◥◤◥◤

Kila miraba minne inakutanisha pembe zake nzito katikati. Wengi huipenda kwa kuwa inaonekana ngumu ilhali unahitaji kukumbuka kundi moja tu la minne na kulirudia. Tahadhari yake iko kwenye kitovu cha kila almasi: tepe nne za nje hukutana hapo, na zikiwa za kitambaa kimoja zinaungana kuwa doa. Zichanganye.

*Pia.* Inazunguka kama pia ya watoto.

◣◤◣◤
◢◥◢◥
◣◤◣◤
◢◥◢◥

Hapa kanuni ya matuta inapinduliwa: ndani ya kila kundi la minne, ukingo mzito unakutana na mwepesi. Inachangamka mno. Kwenye kitanda kizima hukosi mgeni wa kukuambia inamtia kizunguzungu, lakini kwa mto wa kochi haina mpinzani.

*Almasi ndani ya almasi.* Wamarekani waliipa jina la kazi ya ujima, ile ya majirani kukusanyika kusimamisha ghala la mkulima mmoja.

◢◤◥◣
◤◢◣◥
◣◥◤◢
◥◣◢◤

Hii ndiyo inayowafanya watu wasimame. Anza katikati, usianze pembeni: weka miraba minne ikikutanisha pembe zake nzito, kisha izungushie mwanga, kisha kivuli, ukitoka nje. Robo nne za mfarishi ni matuta yaliyoelekezwa kwenye kitovu kimoja. Idadi ya miraba lazima igawanyike kwa mbili, kwenda chini na kwenda pembeni, la sivyo kitovu hakipatikani. Kwenye minane kwa kumi pete za nje zitakatwa na kingo za mfarishi, nazo zikikatwa hazina ubaya wowote. Ukitaka kitovu kiwe cha mwanga, geuza kila mraba nusu duara.

Pete mbili za katikati zibebe miraba yako yenye tofauti kali kuliko yote. Ile dhaifu isukume pembeni, huko pete zimeshafahamika.

Hatua ya tano: hukumu kabla ya kushona

Piga picha kila sura uliyojaribu kabla ya kuipangua, utasahau ya tatu ilikuwaje. Kisha weka miraba yote kwa sura uliyoichagua, si 16 tu.

Anza na miraba inayopiga kelele. Kila kiroba kina kitenge kimoja kinachojulikana toka mbali, chungwa kali au nyeupe yenye duara jeusi. Hicho kisambaze kwanza, kisikae mara mbili kwenye safu moja, ndipo ujaze waliobaki. Halafu tembeza jicho kwenye kila mshono ambako mraba unagusa mraba, utafute vitambaa viwili vya aina moja vilivyogusana. Badilishana na jirani wa mbali, sio wa karibu, maana wa karibu atahamisha tatizo hatua moja tu.

Ondoka. Rudi asubuhi, usimame mlangoni, na utazame picha isiyo na rangi kwenye simu. Mraba uliogeuzwa vibaya unaonekana kwenye picha papo hapo, wakati sakafuni unaweza kuuruka mara kumi.

Usijisumbue kunyoosha kila kitu, lakini. Wanawake Weusi wa Gee's Bend, Alabama, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi za shambani, na mtindo wao mmoja mashuhuri ni ndugu wa mraba huu, tepe zikizunguka kiini kimoja mpaka zijaze mfarishi mzima. Mistari yao inayumba, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Kazi hizo zilioneshwa kwenye makumbusho ya Whitney, New York, mwaka 2002, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Kinachozishika ni kile kile, nzito dhidi ya nyepesi. Na Wasiddi wa Karnataka, India, ambao asili ya wahenga wao ni Afrika, hawapangi miraba kabisa: wanaanza kuungia vipande ukingoni mwa mfarishi, kwa mkono, wakielekea katikati. Kwa hiyo kama kiroba chako hakina miraba ya nusu kwa nusu, hujanyimwa kitu. Miraba ya kila aina unaweza kuitenganisha kwa tepe za kitambaa cha rangi moja, upana wa inchi 2, au kuipishanisha na miraba mitupu. Njia ya pili inapunguza kazi kwa nusu, na kitambaa kitupu kinayapumzisha macho.

Hatua ya sita: weka alama, unganisha

Sasa kila mraba una mahali pake, na safari ya kutoka sakafuni hadi kwenye cherehani ndiyo inayoharibu mpangilio. Andika kwenye vikaratasi: A1, A2, A3 kwa safu ya kwanza, B1, B2 kwa ya pili, na kuendelea. Kila karatasi ibanwe kwa pini kwenye pembe ya juu kushoto ya mraba, sio popote. Namba inakuambia mraba ni wa wapi. Pini inakuambia uso wake ulielekea wapi, na kwa miraba hii hilo ndilo zito zaidi.

Okota safu moja tu kwa wakati, A1 ikiwa juu ya fungu, ushone, uirudishe sakafuni mahali pake, ndipo uokote nyingine. Mishono ya safu A yote ilazwe kwa pasi upande wa kushoto, ya B upande wa kulia, ya C kushoto tena. Safu mbili zikikutana, mishono iliyolazwa kinyume hukaliana na pembe zinalingana karibu zenyewe. Bana pini kwenye kila makutano hata hivyo.

Usiunge safu moja baada ya nyingine mpaka mwisho, mzigo utakuwa mkubwa mbele ya sindano. Unga A na B, C na D, kisha jozi kwa jozi. Mshono mrefu na mzito utakuwa mmoja tu, ule wa katikati. Usitoe vikaratasi mpaka huo upite.

Mgongo uwe shuka la pamba lililozidi uso inchi 2 kila upande. Katikati weka blanketi jembamba la zamani. Kwa joto la pwani hata shuka jingine linatosha, au usiweke kitu. Tandaza tabaka zote kwenye sakafu ngumu, zivute zinyooke, uzibane kwa pini kuanzia katikati kwenda nje. Mwenye subira atapitisha mishono ya mkono kufuata mistari ya mpangilio. Asiye nayo afunge mafundo ya uzi mnene, moja kwenye kila makutano ya miraba minne na moja kwenye kila kiini. Kisha kunja ziada ya mgongo mara mbili kuja mbele, na uipige mshono kuzunguka kote.